Ng'ombe wa Mkwe wa Japani

Wazee wangu, shikamooni. Wa Bwana asifiwe, asifiwe milele. Wa salamu aleikum, aleikum salamu. Na wewe uliyekuja leo kwa mara ya kwanza ukakaa pale karibu na mlango ili uweze kutoroka, karibu sana. Mimi nilianza kukaa hapo hapo, kwenye benchi hilo hilo, na siku ile miguu iligoma kutoka.

Mwenyekiti ameniomba nisimame kwa sababu kikundi chetu ni cha wazazi walioachana, na wengi tuliingia humu tukiwa tumekunja ngumi kwa ajili ya watoto. Sitamtaja mtu jina. Atakayejua namsema nani, naomba anyamaze, ingawa najua kwa baadhi yenu hiyo ni kazi ngumu kuliko kulima.

Mnanijua kama fundi pikipiki wa hapa Utemini, Singida mjini. Wengine nimewatengenezea na bado mnalalamika. Mnajua pia kwamba nina mtoto wa kike aliye Japani, na mjini hapa watu husema, "Fundi alikula maisha Ulaya." Japani siyo Ulaya, na maisha sikuyala. Leo nitasema yalivyokuwa.

Mama wa mtoto wangu alikuja mkoani kwetu akiwa msichana, akafundisha sayansi sekondari moja upande wa Manyoni. Pikipiki yake iliharibika, ikaletwa kwangu, nikaitengeneza, ikaharibika tena. Wapo wanaosema niliiharibu makusudi. Sikuiharibu, ila sikulia ilipoharibika. Tulipendana kweli, ndugu zangu. Nasema hivyo kwa sababu humu ndani tukisimulia ndoa zilizovunjika huwa tunazisimulia kana kwamba zilianza zikiwa zimeoza.

Tulipotaka kuoana, baba yangu mkubwa alisema bila mahari hakuna ndoa, hata kama mke ametoka mwezini. Baba yangu mzazi alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo neno la baba mkubwa ndilo lililokuwa neno. Baba wa yule msichana akasafiri kutoka kwao mpaka kijijini kwetu Mkalama. Tulitegemea tajiri mwenye suti. Akashuka mzee mfupi, mikono imekakamaa, uso umeunguzwa na baridi. Kumbe kwao kaskazini, kwenye theluji, alikuwa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa maisha yake yote.

Baba mkubwa akamwonyesha mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji. Wazee walidhani mgeni atatabasamu tu apigwe picha. Yule mzee akavua koti, akaingia zizini, akampapasa mbavu, akamfungua mdomo akatazama meno, akamwinua kwato. Halafu akasema, binti yake akatafsiri: "Ng'ombe huyu ni mzuri. Lakini hawezi kupanda ndege. Nitunzieni."

Wote mnaotoka vijijini mnajua maana ya neno hilo. Ukitunziwa ng'ombe na mtu, ng'ombe anabaki wake. Akizaa, mwenyewe anaambiwa. Akiugua, anaambiwa. Akifa, ngozi inaanikwa na kuwekwa mpaka mwenyewe aje aione, asije akasema mmemla. Mama yangu alimwambia mzee yule utaratibu huo wote, na mzee akaitikia kwa kichwa kila sentensi. Kwao walikuwa na yao yanayofanana.

Tukaenda Japani. Nikapata kazi kwenye yadi ya kubomolea magari ya zamani. Mtoto akazaliwa. Kila ng'ombe wa mzee alipozaa huku Mkalama, mama yangu alinipigia, na mimi nikampa mzee habari Jumapili tukila kwake. Alikuwa mtu wa maneno machache, lakini siku hizo aliongeza wali.

Sasa ndoa. Mnategemea niseme kulikuwa na mwanamke mwingine, au ngumi. Hapana. Nilikuwa natoka kazini giza limeshaingia, nimechoka, sina lugha ya kusema kilichonichosha. Yeye alikuwa na mtoto mchanga siku nzima, na mume anayeingia ndani kama mpangaji. Sikumpiga wala hakunitukana. Tulinyamaziana, na ukimya ule ulikua mpaka ukatushinda kuubeba. Siku moja akasema tuachane, na nikakubali.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana ndipo nilipoanguka. Kule Japani, wawili mkikubaliana, hamwendi kwa hakimu. Mnajaza fomu, mnaipeleka ofisi ya mji, mnatoka nje mkiwa mmeachana. Na kwenye fomu, sheria ya wakati ule ilitaka muandike mtoto anakuwa chini ya nani, baba au mama. Mmoja tu. Wote wawili haikuwezekana. Yule aliyeandikwa ndiye mzazi machoni pa sheria, ndiye mwenye kauli juu ya shule, hospitali, kila kitu. Mwingine anabaki kuomba kama jirani.

Mama mtoto akaniuliza, "Tuandikeje?" Nikamwambia, "Andika wewe." Nikasaini kwa moyo mweupe kabisa.

Mnajua kwa nini? Sisi hapa tumekua tukisikia kwamba mtoto mdogo hukaa na mama, akifika miaka saba anarudi kwa baba. Ndivyo nilivyoona kwa shangazi zangu, ndivyo nilivyoona kwa majirani. Kwa hiyo nilipoiona ile fomu niliielewa Kinyiramba: huyu mama anapewa kulea, mtoto bado ananyonya, na mahari ilishatoka, kwa hiyo mtoto ni wa ukoo wetu. Miaka saba ikifika atakuja. Nilidhani hilo linajulikana dunia nzima, kama mtu anavyojua mvua hutoka juu. Sikumwambia. Na yeye hakuniuliza, kwa sababu kwake fomu ilikuwa imeshasema yote.

Kibali changu cha kuishi kule kilitokana na ndoa. Ndoa ilipokwisha, nikarudi Singida. Nikapata kazi kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vipuri mjini, nikawa natengeneza pikipiki barazani kwake. Kila wiki nilizungumza na mwanangu kwa video. Aliniita Baba, neno la Kiswahili, tulimfundisha sote wawili. Alinionyesha meno yaliyong'oka. Mimi nilimwonyesha kuku. Nilikuwa na furaha, nawaambia ukweli. Nilikuwa nasubiri tu muda ufike.

Ukafika. Mama yangu akapaka chokaa kile chumba cha pembeni. Baba mkubwa akaja mjini na wazee wawili, wakakaa chumbani kwangu na mimi nikapiga simu mbele yao. Nikamwambia mama mtoto, kwa adabu zote nilizokuwa nazo, kwa Kijapani changu cha yadi: "Mtoto amefika miaka saba. Nakushukuru, umemlea vizuri. Sasa nakuja kumchukua."

Kwangu hayo yalikuwa maneno ya shukrani. Wazee, niliokuwa nimewaeleza nitakachosema, waliitikia kwa vichwa, wakaridhika. Upande wa pili simu ikakatika. Nikapiga tena. Nikapiga kesho yake. Namba ikawa haipatikani. Rafiki yangu mmoja wa yadini akaenda kuangalia ile nyumba, akakuta wamehama.

Akina mama mliopo humu, ninyi mmeshaelewa alichosikia. Alisikia mwanamume anasema nakuja kumchukua mtoto nimpeleke bara lingine. Kule wanazo habari za watoto waliochukuliwa hivyo, mama zao wasiwaone tena. Akafanya ambavyo mama yeyote mwenye akili angefanya. Lakini wakati ule mimi sikuelewa hata kidogo. Niliona nimeibiwa.

Nilikunywa, ndugu zangu. Nilianza na pombe ya mtama, ya watu wazima wanaozungumza. Baadaye gongo, peke yangu. Pikipiki za watu zikalala barazani zimefunguliwa nusu. Mzee wa duka hakunifukuza; alichukua spana zangu akazifungia ndani, akasema, "Ukipona njoo uchukue." Nilimtukana. Na watoto wa jirani waliponisalimia niligeuza uso, kwa sababu kila mtoto alikuwa na umri wa mwanangu, au nilimwona hivyo.

Nilikwenda pia kwa afisa ustawi wa jamii, nikidhani ataandika barua Serikali ya Japani itetemeke. Yule mama alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniambia, "Kaka, hata hapa Tanzania siyo hivyo unavyodhani. Miaka saba siyo tarehe ya kuhamisha mzigo. Mahakama inaangalia faida ya mtoto, na mtoto mwenye kuweza kusema anasikilizwa. Mwanao ulimuuliza anataka nini?" Nikatoka nikibamiza mlango. Ndiye aliyekuja kuniingiza humu kikundini, na yupo hapa, na mlango wake nimeshamrekebishia.

Sasa niwapeleke kijijini. Muda mrefu ulikuwa umepita bila sauti ya mtoto. Baba mkubwa akaitisha kikao cha ukoo. Hoja yake ilikuwa nyepesi: "Mtoto hatukupewa. Basi ng'ombe warudi. Tuwagawane." Yule mtamba alikuwa ameshakuwa ng'ombe mkubwa, ana uzao wake, zizi linapendeza. Wakaniita ili nikubali tu. Nilifika macho mekundu, nikiwa tayari kukubali chochote ili niondoke.

Mama yangu alikuwa amesimama kwenye mlango wa zizi. Hakuwa na fimbo, hakupiga kelele. Akaniuliza mbele ya wazee.

"Mkwe wetu alikukosea nini?"

Nikasema, "Hakunikosea."

"Alikudai ng'ombe wake?"

"Hakudai."

"Ndama wa mwaka jana, aliambiwa?"

Nikatazama kwato za ng'ombe. Akarudia. Nikasema, "Hakuambiwa, mama."

"Na huyu aliyezaliwa juzi?"

"Hakuambiwa."

"Basi hapa mwizi ni nani?"

Baba mkubwa akaanza kusema ndoa imekwisha. Mama akamkatiza, na sijawahi kumsikia mama akimkatiza shemeji yake kabla ya siku hiyo wala baada yake. Akasema, "Ndoa imevunjika. Ukwe haujavunjika. Yule mzee alivua koti akaingia kwenye zizi hili, akasema nitunzieni, na mimi nilimwitikia. Mkitaka kugawana, anzeni na mimi."

Kikao kikavunjika. Mama akanigeukia, akaniambia nioge, ninywe uji, halafu niende kumpa mwenye ng'ombe habari zake. Nikamwambia namba zote zimebadilishwa. Akasema, "Na ya mzee?"

Namba ya mzee. Ile ya simu ya mezani, nyumbani kwake, niliijua kwa kichwa, maana nilikuwa naipiga nikichelewa Jumapili. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuijaribu. Niliogopa. Na mama akaniwekea sharti: "Unapeleka habari ya ng'ombe. Ukiichanganya na habari ya mtoto, utakuwa umemfanya ng'ombe wa watu mtego."

Kijijini kwetu mtandao unapatikana juu ya jiwe moja kubwa nyuma ya mashamba ya alizeti. Nikapanda. Ikaita. Akapokea yeye mwenyewe. Sauti ilikuwa imezeeka.

Nikasema, "Baba, ng'ombe wako amezaa."

Nilisikia saa ya ukutani kwake, ile ile ya Jumapili. Nikajua anakata sasa hivi.

Akasema, "Dume au jike?"

"Jike."

"Amesimama mwenyewe?"

"Amesimama, ananyonya."

"Kondo limetoka lote?"

"Limetoka."

"Mama yako mzima?"

"Mzima, Baba. Na yule wa mwaka jana hatukukwambia. Tumekosa. Naye ni jike."

Akavuta pumzi. Akasema, "Mpeni mzazi maji ya uvuguvugu." Akakata.

Nilishuka kwenye lile jiwe kwa makalio. Sikuuliza habari ya mwanangu, na kilikuwa kitu kigumu kuliko vyote nilivyowahi kufanya. Lakini nawaambia, tangu mwanangu atimize miaka saba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kusema neno na upande wa pili bila kudai.

Nikabaki kijijini. Mama akanikabidhi ng'ombe wale niwachunge mwenyewe, na mlevi hachungi ng'ombe wa mkwe, hilo halikuhitaji kuelezwa. Nilitetemeka, niliumwa, nilitapika, nikapona. Nikampigia mzee mvua zilipochelewa. Nikampigia ugonjwa wa miguu na midomo ulipoingia kijiji cha jirani. Akaniuliza maswali kama daktari. Nikarudi mjini, mzee wa duka akanifungulia spana zangu, wala hakukumbusha matusi. Jumamosi nilikuwa kijijini, na jiwe likawa linanijua.

Siku moja nimemaliza kutoa habari, mzee akasema, "Subiri." Nikasikia miguu sakafuni. Nikasikia mtu anapumua karibu na simu. Halafu sauti ya msichana, siyo ya yule mtoto wa meno yaliyong'oka, sauti imekua, ikauliza kwa Kijapani, "Ndama anaitwa nani?"

Ndugu zangu, nilikuwa nimeandaa hotuba. Miaka yote nilikuwa naiandaa. Nikasema tu, "Bado hana jina."

Akasema, "Mpe jina la theluji." Halafu akanong'ona, kwa Kiswahili, "Baba."

Samahani. Nipeni maji kidogo.

Asante. Baada ya hapo aliyenipigia ni mama mtoto. Alikuwa akijua kila simu. Mzee hakumficha hata moja. Aliniambia kule kwao sheria inabadilishwa: walioachana wataweza wote wawili kubaki na mamlaka ya uzazi, na hata walioachana zamani wataweza kwenda mahakama ya familia kuomba. Nikadhani atafurahi, nikaanza kushangilia. Akaninyamazisha. Akaniambia wapo wanawake wengi kule wanaoilalamikia sheria hiyo kwa hofu, waliokimbia waume wa kipigo, wanaogopa kufungwa tena kamba na mtu waliyemkimbia. Kwa kesi kama hizo mahakama inatakiwa imwache mzazi mmoja, lakini wao wanauliza, je, hakimu ataamini? "Na mimi nilikuwa naogopa," akasema. "Nilikuogopa wewe. Ulisema unakuja kumchukua."

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya miaka saba. Chokaa ya chumba, wazee waliokaa wakisikiliza, kila kitu. Halafu akauliza, "Kwa nini hukuniambia siku ile ya fomu?"

Nikasema, "Nilidhani kila mtu anajua."

Akalia. Na mimi juu ya jiwe nikalia. Mbuzi wa watu wakinitazama.

Sheria ilipoanza kutumika, tulipeleka maombi kwa pamoja, yeye akiwa mbele ya mahakama kule, mimi nikiitwa kwa video kutoka ofisini kwa mzee wa duka, nimevaa shati la kuazima. Wakamuuliza mtoto mwenyewe anataka nini. Nilimkumbuka afisa ustawi. Mtoto akasema anataka kukaa na mama yake, na anataka baba yake awe anaulizwa. Ikawa hivyo. Anakaa kwa mama yake. Mimi naulizwa.

Mtaniuliza, sasa umepata nini? Mtoto yuko kule kule. Niwaambie nilichopata. Muda mfupi baadaye simu ikalia niko chini ya pikipiki, mikono ina oili. Mama mtoto anasema kuna shule mbili za sekondari, tunapaswa kuamua wote, wewe unasemaje? Shule zenyewe sijui hata ziko upande gani wa barabara. Nikauliza, "Yeye anaipenda ipi?" Akanitajia. Nikasema, "Basi hiyo." Jibu fupi kama hilo, halafu nikashindwa kufunga boliti, kwa sababu machozi yalikuwa yanaingia kwenye injini ya mtu.

Yule ng'ombe mwekundu wa kwanza alizeeka, akafa. Nikampigia mzee, naye alikuwa amelazwa, simu akashikiwa. Nikamwambia, "Ngozi tumeianika, tumeiweka." Akasema polepole, "Nitatuma mtu aje kuiona." Hazikupita siku nyingi naye akafariki.

Na alituma mtu. Likizo hii iliyopita mwanangu alikuja, ameletwa na mama yake. Msichana mrefu, ananizidi adabu. Aliposhuka Mkalama alimpigia mama yangu magoti, akasema "Shikamoo Bibi" kwa lafudhi iliyokichekesha kijiji kizima. Mama akamshika mkono, hakumpeleka ndani kunywa chai, alimpeleka moja kwa moja kwenye dari ya ghala, akashusha ngozi. Nyekundu, ina doa jeupe la paji. Mtoto akaipitisha mkono kuanzia shingoni hadi mkiani, kama alivyofundishwa na babu yake. Akasema, "Nimeiona."

Sasa baba mkubwa. Jioni ile alinivuta pembeni. Akanong'ona, "Mtoto yuko nyumbani kwake. Pasipoti yake iko kwenye mkoba wa mama yake, nimeuona. Hutaki kuwa mwanamume mara moja tu?" Sitawadanganya kwamba wazo lile halikunigusa. Lilinigusa. Lilikaa kwenye ulimi wangu likawa tamu. Niliangalia uani, nikamwona mama yake amekaa kwenye kigoda, anachambua mchicha na mama yangu, mkoba umewekwa chini mbali naye, wazi. Aliuweka pale makusudi au alisahau, sijui, sijamuuliza. Niliuokota nikampelekea, nikamwambia, "Usiache vitu vyako, kuna mbuzi."

Kesho yake wazee wakakaa. Mama yangu akasimama akasema mwenye ng'ombe amefariki, mrithi amekuja, aonyeshwe mali yake. Baba mkubwa, yeye aliyekuwa akisema mtoto ni wetu kwa sababu ng'ombe walitoka, akalazimika kumfungulia mtoto zizi na kumwonyesha: huyu ni wako, na huyu, na yule, na ndama wake. Nilimtazama uso. Mahari ya mama ilikuwa imekuwa ya binti. Hakuwa na pa kushika tena, na mzee mtu mzima akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini.

Mtoto akamwambia, nami nikatafsiri: "Babu, nitunzie."

Akaacha kucheka. Akavua kofia. Akasema, "Nimeitikia."

Stendi ya Singida, siku ya kuondoka, niliushika mkono wa mwanangu nikauweka kwenye mkono wa mama yake, basi likaondoka. Baba mkubwa alikuwa amekuja na jogoo wa zawadi, hajui kwamba jogoo naye hapandi ndege. Akabaki na jogoo mkononi, akaniuliza, "Atarudi?" Nikamjibu, "Mwenye ng'ombe hukosa kurudi?"

Namshukuru Mungu. Namshukuru mama yangu, yule pale, anayejifanya anafunga khanga. Namshukuru mzee wa duka, afisa wetu, na ninyi mlioniacha nikae karibu na mlango mpaka niliposogea mwenyewe. Namshukuru mzee aliyelala kwenye theluji, aliyeuliza kwanza habari ya kondo. Na mama wa mwanangu, ambaye alikuwa na kila sababu ya kutoipokea simu yangu tena.

Somo langu ni dogo. Sheria za kule wamezibadilisha, na huenda na sisi za kwetu tutazitazama. Ni jambo jema. Lakini sheria haikumwambia mwenzangu nilichokuwa nikikifikiri siku ya fomu. Hiyo ilikuwa kazi ya mdomo wangu. Wewe uliye na mwenzako mliyeachana, unalodhani analijua, nenda kamwambie. Na akiwapo mmoja humu aliyekimbia kipigo, haya sikumwambia yeye. Yeye akae salama kwanza.

Mwenyekiti, naomba ruhusa nitoke kabla ya chai. Hapa kwetu ni saa tisa, kule ni saa tatu usiku, mwanangu hajalala bado. Asubuhi Theluji amezaa, ndama wake wa kwanza, dume, amesimama mwenyewe. Mwenyewe hajaambiwa.